Amepasi, Hajahitimu

Wale waliofungia vitumbua gazeti la juma lililopita kabla ya kulisoma, nawahurumia. Nitawapa yaliyowapita kwa ufupi, maana leo hatuna nafasi ya kupumua.

Mwanabaraka, binti wa Mji wa Kale, alipelekwa Bara Hindi kusomea udaktari. Chuo chake kina kanuni moja: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huruhusiwa kufanya mtihani wa leseni kabla hajahitimu. Akipasi, matokeo yake huwekwa kando yakamngoja. Sharti kwanza amalize zamu zake za wodini, apewe shahada, kisha akae mwaka mzima hospitalini chini ya daktari mkubwa. Hapo tena ndipo anapopewa leseni na kuitwa daktari.

Mwanabaraka alifanya mtihani akapasi, tena akapasi vizuri. Akapiga simu ya maandishi nyumbani: NIMEPASI. Zamu iliyombakia ilikuwa moja tu, ya wodi ya wazazi. Kabla hajaianza akaitwa Mombasa, babake yu mahututi.

Na Mji wa Kale, tuseme kweli, hauna subira na mambo ya zamu na shahada. Mtu akipasi, amepasi. Alipoteremka melini Kilindini, mtaa mzima ulikuwa umeshasoma maulidi ya shukrani na kula pilau yake. Mzee Jamaldin, babake, akamshika mkono kitandani.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, baba."

Mzee akafa siku ya pili, uso umemkunjuka. Mwanabaraka akadhani uongo ule umezikwa pamoja naye.

Juma lililopita tulimwacha kwa Dakta Sherali, mkubwa wa wodi ya wazazi katika hospitali ya hapa kisiwani. Binti alikuwa amemweleza kila kitu, na yule bwana alikuwa ameandikiana na chuo.

"Wamekubali umalizie zamu yako hapa, chini yangu," alisema. "Unaanza Jumatatu. Lakini nisikilize. Mpaka nikupe kibali, wewe ni mwanafunzi. Usimtazame mgonjwa, usimpe mtu hata aspro. Nikisikia umemgusa mtu huko mtaani, mimi mwenyewe nitaomba mtihani wako ufutwe, na hutafanya mwingine."

"Nimekuelewa, Dakta."

"Na nyumbani kwenu, wanajua kwamba hujawa daktari?"

Mwanabaraka alitazama viatu vyake. Basi, tuendelee.

*

Ijumaa asubuhi Mwanaesha alishikwa na uchungu.

Mwanaesha ni mke wa Aidarus, kakake Mwanabaraka, karani wa bandarini. Hawa mawifi wawili walisoma chuo kimoja cha Korani, walichapwa bakora moja, na wakipendana kuliko ndugu. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Mama, aliyekuwa bado amekaa eda ya mumewe, hakuweza kutoka nje. Akatuma aitwe Bi Tumu, mkunga wa mtaa. Bi Tumu ndiye aliyempokea Aidarus duniani, akampokea na Mwanabaraka.

Bi Tumu akaja na mkoba wake, akapanda ngazi kwa kuhema. Mlangoni pa chumba akamkuta Mwanabaraka. Akasimama.

"Sabalkheri, Daktari."

"Sabalkheri, Bi Tumu. Pita."

"Nipite wapi? Daktari yumo ndani, na mimi nitie mkono?"

"Pita, Bi Tumu, tafadhali."

Bi Tumu akamgeukia Mama. "Mama Aidarus, mimi nilikuwa mkunga kulipokuwa hakuna mwengine. Leo mtoto wetu kasoma, kapasi, karudi. Nikimtangulia mbele ya mgonjwa nitakuwa sina adabu. Hata seremala hashiki randa mbele ya fundi wake."

"Wallahi umesema kweli," Mama akajibu, na fahari ikamjaa usoni.

Bi Tumu akaketi ukumbini, akatoa tasbihi, akaweka mkoba chini ya kiti. Hakuufungua.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: mimi si daktari. Angeyasema, Bi Tumu angesimama, na hadithi hii ingeishia hapa nasi tukaenda zetu kunywa chai.

Lakini Mama alikuwa amesimama pale katika nguo zake nyeupe za eda. Tangu mzee afe hakuwa na jingine la kumpa moyo ila neno lile moja, daktari. Mwanabaraka akaona haya, akaogopa, akaingia ndani.

*

Akanawa mikono mpaka viwiko, kama alivyofundishwa. Akamfunua Mwanaesha tumbo.

"Wifi, mikono yako baridi!"

"Nyamaza, nikusikilize."

Kitabuni, tumbo la mzazi lina picha. Kichwa hapa, mgongo hapa, miguu pale. Tumbo la Mwanaesha halikuwa na picha. Mwanabaraka akapapasa juu, akapapasa chini, akapapasa mbavuni. Akakuta kitu kigumu upande wa kulia. Ni kichwa? Ni makalio? Vidole vyake havikumjibu kitu, maana havijapata kuulizwa swali hilo hata mara moja.

"Mtoto yuko sawa?" Mwanaesha akauliza.

"Yu sawa."

Neno hilo lilimtoka lenyewe. Nimelifikiria sana neno hilo, na kila nikilifikiria nazidi kuona uchungu. Angeweza kusema sijui. Mwanaesha angeitikia, si mtu wa makuu. Lakini mtu aliyeitwa daktari tangu aliposhuka ngazi za meli, atasemaje hajui?

Aidarus alikuwa nje ya mlango, kanzu yake ya Ijumaa imepigwa pasi.

"Vipi?"

"Bado, kaka. Tusubiri. Mtoto yu sawa."

"Alhamdulillahi. Basi naenda msikitini nikamwombee. Lau si wewe leo, ningekuwa nimekaa hapa natetemeka."

Akashuka ngazi kwa furaha.

*

Walisubiri.

Uchungu ulipanda ukashuka, ukapanda tena. Bi Tumu ukumbini alihesabu tasbihi. Mara moja akasukuma pazia kidogo kwa kidole.

"Daktari, kilio chake sikipendi."

"Ni kawaida kwa mimba ya kwanza, Bi Tumu."

"Wewe ndiye ujuaye."

Pazia likarudi.

Adhana ya Ijumaa ikapigwa. Hotuba ikasomwa, sauti ya khatibu ikafika mpaka dirishani. Watu walikuwa hawajatoa salamu ya kumaliza sala wakati chupa ilipopasuka na maji yakatapakaa kitandani. Mwanabaraka akainama kutazama.

Akaona mkono.

Mkono mdogo, wa buluu, vidole vimekunjwa. Hapakuwa na kichwa.

Alijua anachokitazama, alijua vizuri mno. Swali hili lilikuwamo katika mtihani wa leseni: mtoto aliyekingama tumboni, mkono umetangulia, utafanya nini? Yeye akajibu kurasa mbili, na msahihishaji akampa alama zote. Mkono usivutwe. Mama apelekwe chumba cha upasuaji bila kukawia. Kila kitambo kinachopita ni hatari kwa kizazi na kwa mtoto.

Ila hakuna aliyemuuliza katika mtihani ule jinsi ya kumtambua mtoto huyo asubuhi, kwa vidole, kabla mkono haujatoka. Hilo hufundishwa katika zamu ya wodi ya wazazi.

Akatoka nje.

"Hospitali. Sasa hivi."

Mama akashtuka. "Hospitali kufanya nini?"

"Kupasuliwa. Mtoto amekingama."

"Akafunuliwe na wanaume, na daktari mwanamke tunaye nyumbani? Mwanangu, usiogope. Sema bismillahi uingie."

"Mama, siwezi."

"Waweza. Kusoma kote kule, miaka yote ile, huwezi?"

Aidarus alikuwa anapanda ngazi, kofia mkononi, anatoka msikitini. Akasimama aliposikia sauti ya dadake ikipasuka.

"Mimi si daktari!"

Akamgeukia mamake.

"Si daktari, Mama. Nilipasi mtihani tu. Chuoni huruhusiwa mtu kupasi kabla ya kumaliza. Sikumaliza. Sina shahada, sina leseni. Na nilichobakisha ni hiki hiki. Sijapata kumzalisha mtu."

Mama akamtazama kama anayemtafuta mtu mwengine nyuma yake.

"Babako alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia umemaliza. Nami nimekaa pale miguuni pake."

"Ndiyo, Mama."

"Basi babako kafa amedanganywa."

Hakupiga kelele wala hakulia. Alivuta nguo yake nyeupe akajifunika uso, asimwone binti yake. Mwanabaraka angependa zaidi apigwe.

Aidarus ndiye aliyesogea. "Na asubuhi? Uliponambia yu sawa, ulijua nini?"

Kabla hajajibu, Mwanaesha akapiga ukelele uliowatoa wote mahali walipokuwa. Bi Tumu alikuwa ameshainuka. Akaingia, akatazama, akatoka.

"Hapa si pangu wala si pake," akasema. "Mtoto hana ndia ya kutokea. Aidarus, simama! Tafuta gari, hino si saa ya kuulizana."

*

Gari haliingii katika vichochoro vyetu, mnajua. Wakamteremsha Mwanaesha na kitanda chake, wanawake wakamzungushia kanga pande zote wakitembea naye. Barabara ilikuwa imejaa wanaume wanaotoka msikitini. Mmoja alipoona kanga zile akageuza uso ukutani, na wa pili akageuza, mpaka njia nzima ikawa migongo ya kanzu nyeupe.

Kutoka katika migongo ile Mwanabaraka akasikia mtu akimwambia mwenziwe, "Hapana hofu, yuko na daktari wake."

Noormohamed, muuza vitambaa wa Ndia Kuu, alikuwa ameacha duka wazi akaleta gari lake la mizigo. Majora ya vitambaa yakatupwa chini, kitanda kikapanda. Bi Tumu akapanda, na Mwanabaraka, na Aidarus akakaa mbele. Njia nzima Mwanaesha alikuwa amemshika wifi yake kidole.

"Usiniache nao peke yangu."

"Sikuachi."

"Umesema yu sawa, siyo?"

Mwanabaraka akalia.

Hospitalini akaachishwa kidole kile kwa nguvu. Milango ikafungwa. Dakta Sherali akapita mbio, akamwona, akaingia ndani.

*

Wakangoja kwenye benchi la ukumbi. Aidarus hakukaa nao. Alisimama mbali, dirishani, amewapa mgongo.

Mwanabaraka akaanza kunong'ona. "Bi Tumu, ningekuachia asubuhi..."

"Usinambie."

"Wewe ungejua?"

Bi Tumu akafikiri. "Huenda ningejua. Huenda nisingejua. Nimewahi kujua, na nimewahi kukosa, na waliokufa mikononi mwangu nawakumbuka wote. Sasa nyamaza."

Milango ikafunguliwa. Dakta Sherali alikuwa amevua barakoa, na aproni yake sitaki kuieleza.

"Mtoto amekufa," akasema. "Alikuwa mvulana. Kizazi kimechanika, na damu nyingi imemtoka. Mama yu hai kwa sasa. Simhakikishii mtu kitu kuhusu kesho."

Aidarus dirishani aliweka paji la uso kwenye kioo.

Dakta akamgeukia Mwanabaraka. Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ikawa mbaya zaidi. "Mtoto huyu alikuwa amekingama tangu asubuhi. Mwenye mikono ya kazi angelijua hilo kwa kupapasa tumbo. Angeletwa mapema, saa hii mama na mtoto wangekuwa wamelala wodini. Bila shaka mtu alimpapasa mama huyu akamwambia asubiri. Nataka kujua ni nani."

Mwanabaraka akasimama.

"Nakuuliza wewe. Ulimgusa?"

"Ni mimi, Dakta."

Sauti haikuwa yake. Bi Tumu alikuwa ameinuka, mkoba kifuani.

"Mimi ndiye mkunga wa mtaa. Niliitwa asubuhi. Nilimpapasa, nikasema bado. Binti huyu ndiye aliyeona mkono akasema hospitali. Lau si yeye, na mama angekufa nyumbani."

"Bi Tumu..." Mwanabaraka akaanza.

Mkono wa yule mzee ukamshika kifundo cha mkono, chini, pasipoonekana, ukambana kwa nguvu za mtu aliyevuta watoto wa mtaa mzima kuwaleta duniani.

Dakta Sherali hakuwa mjinga. Akamwita yule aliye dirishani. "Wewe ndiye mume? Njoo. Ni kweli, bibi huyu ndiye aliyemtazama mkeo asubuhi?"

Aidarus akaja, macho mekundu. Akamtazama Bi Tumu. Akamtazama dadake kwa muda mrefu, na Mwanabaraka akajua kwamba yamekwisha. Kwa kiasi fulani, akashukuru.

"Ni kweli, Dakta," Aidarus akasema. "Ni Bi Tumu."

Halafu akainama kidogo kwenye sikio la dadake, kama anayempa pole. "Si kwa ajili yako. Ni kwa ajili ya baba. Kafa akijua ana mtoto daktari, basi na awe naye."

Dakta akashusha pumzi. "Bibi, wewe hutamshika mzazi tena. Nitawaarifu wakubwa wa afya leo hii. Na mama yule akifa, watakaokuja kwako watakuwa polisi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Kaa hapo."

Bi Tumu akakaa. Akauweka mkoba wake sakafuni, taratibu, akausukuma kwa mguu mpaka chini kabisa ya benchi. Lakini mkono wa Mwanabaraka hakuuachilia.

Dakta Sherali akamtazama binti, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane uso wake ukalainika.

"Nilikushuku," akasema. "Nisamehe. Uliona hatari ukajua mpaka wako, ukamleta. Wakubwa wengi hawajui hilo. Jumatatu asubuhi, usichelewe."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja tangu alipoteremka melini. Mlango ulikuwa wazi mbele yake: zamu, shahada, mwaka wa hospitali, leseni. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Milango ikafunguliwa tena. Akatoka Sista Jacinta, aliyekuwa ndani na mgonjwa.

"Dakta, amezinduka. Hajaambiwa habari ya mtoto. Anaongea kwa shida, lakini hataki kutulia."

"Anataka nini?"

"Anamtaka daktari wake. Yule aliyempapasa asubuhi akamwambia mtoto yu sawa. Anasema akiambiwa tena na yule, atalala."

Dakta Sherali akamtazama Bi Tumu aliyekaa. Akamtazama Aidarus, na Aidarus akaangalia sakafu.

"Daktari?" akauliza polepole. "Daktari gani?"

Bi Tumu akambana mkono zaidi. Mwanabaraka akauchomoa, akamkabili Dakta.